Kidole chenye Chaki

Yunisi mwanangu,

Mama yako anajua nimekwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawana shida yoyote. Nipo nyuma ya ghala, pale anaposimama yeye akitafuta mtandao, nimekalia gunia la alizeti na daftari nimeliweka juu ya goti. Nimeanza jua likiwa la utosi maana najua mwendo wangu. Mstari wangu mmoja, mtu mwingine angekuwa amemaliza ukurasa. Lakini mwandiko wangu unasomeka, hilo hakuna wa kunibishia. Katibu wa kijiji mwenyewe aliwahi kusema herufi zangu zimesimama kama miti ya zizi.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Nduguti kuanza kazi. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutomfungulia kila anayebisha hodi, hayo mama yako amekwambia na kesho atayarudia mpaka kondakta afunge mlango. Mimi siyaandiki. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe linaniumbua, ndiyo maana naliandika. Ukinitazama usoni sitalimaliza.

Jana tulipokuwa tunakula ulitusomea orodha ya walimu utakaowasaidia kutumia vishikwambi darasani. Ulisoma kwa furaha, na mimi nikavimba kifua. Nikasema moyoni, huyu ndiye binti wa Shila, leo wanaojua kusoma wanamsubiri yeye. Ukafika kwenye jina la Mwalimu Yona. Ukasema, "Huyu wamemwekea alama pembeni. Wanasema hafundishiki. Semina mbili amekataa. Amewaambia wakimsumbua tena muhula huu anaandika barua ya kustaafu kabla ya wakati."

Mama yako akanitazama. Mimi nikainamia ugali.

Ukauliza, "Baba, si ndiye Mwalimu Yona wa Hisabati, aliyekuwa hapa kwetu?"

Nikakujibu, "Ndiye. Alihamishwa."

Nilikudanganya. Hakuna ofisi iliyomhamisha. Aliomba mwenyewe kuondoka, na aliyemfanya aombe ni mimi baba yako. Sasa unakwenda kukutana naye, na ukikosea namna nilivyokosea mimi, mtu yule atafunga mabegi yake na kuacha kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kwa hiyo soma mpaka mwisho. Usiruke.

Wewe hukuwa umezaliwa, tulikuwa na kaka yako Daudi tu. Mimi nilikuwa msimamizi wa josho la kijiji, na sijisifu, muulize mtu yeyote mwenye mvi: hajatokea msimamizi kama mimi. Ng'ombe wa kijiji kizima niliwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia. Mtu akileta kumi na wawili akasema ni kumi, nilimwambia, "Na yule mwekundu mwenye sikio lililochanika umemwacha kwa nani?" Fahali aliyewashinda vijana wanne, mimi nilimshika pembe peke yangu nikamtumbukiza kwenye dawa. Ila kusoma sikujua. Hata jina langu likiandikwa mbele yangu nililiona kama nyayo za kuku.

Shuleni walianzisha kisomo cha watu wazima, kila siku jioni. Mama yako akaenda. Akarudi siku ya kwanza ananiambia, "Baba Daudi, twende wote, ni saa moja tu." Mimi nikae dawati moja na mke wangu! Nimuulize yeye hii ni herufi gani! Nikaenda kwenye pombe nikatangaza kwamba wanaoandika wanaandika kwa sababu vichwa vyao vinavuja, cha kwangu hakivuji. Watu walicheka sana. Nikaona nimeshinda.

Kilichonifanya nikatae si ubishi, Yunisi, japo watu walidhani ni ubishi, na mimi niliwaacha wadhani hivyo kwa sababu ubishi una heshima yake. Niliogopa. Mtu aliyemshinda fahali aliogopa kipande cha chaki. Niliogopa kuonekana sijui mbele ya watu wanaoamini kwamba najua.

Jumamosi moja akaja pale josho mwalimu mgeni, kijana mwembamba, suruali imemzidi, ameshika daftari kubwa. Ndiye Yona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta ng'ombe gani, mwalimu? Wewe hata kuku huna."

"Sina kitu, mzee. Nimeleta shida. Nimepewa daftari la josho niandike ng'ombe wanaoogeshwa. Kuandika naweza. Lakini hawa wote mimi naona ni ng'ombe mmoja tu anarudi nyuma na kupita tena. Nitaandika uongo, nitafukuzwa kazi. Nisaidie."

Mwanangu, nilifurahi mpaka aibu. Mwenye elimu yake ananiomba mimi! Nikasimama juu ya ukuta wa josho nikawa namtajia kama mnadani: mweusi, mwekundu, kijivu, wa madoa, ndama, ndama, mweusi. Yeye anaandika, na kila akifika mwisho wa mstari ananigeuzia daftari. "Mzee, nimekosea hapa?" Mimi natazama, natikisa kichwa kama hakimu. "Hapana. Endelea."

Jumamosi ya tatu akasema, "Ng'ombe wamekuwa wengi leo. Mimi nitashika kamba, wewe niwekee alama. Mweusi na mwekundu anza hivi, kama milima miwili. Kijivu hivi, kama mti uliovunjika tawi." Nikaweka. Hakuniambia kwamba hiyo ni herufi. Hakunishika mkono. Nilipokosea hakusema kitu, alikuja tu baadaye akaandika yake vizuri chini ya yangu, mimi nikaona tofauti mwenyewe. Aliposhika ile kamba ng'ombe walimburuta mpaka topeni, nami nikamcheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na la kuchekwa. Mpaka kipupwe kinaisha nilikuwa naandika NDAMA bila kuulizwa. Neno langu la kwanza kuandika duniani si jina langu. Ni hilo.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mifugo kukagua josho. Nikamwambia kwa majivuno, "Daftari unalionaje? Nusu ni mwandiko wangu." Akashangaa. "Daftari gani, mzee? La josho ninalo mimi ofisini, wala sijawahi kumpa mwalimu yeyote."

Nilirudi nyumbani nikajilaza. Siku mbili. Mama yako alidhani naumwa. Nilikuwa nahesabu zile Jumamosi, jua lile, tope lile, kijana wa watu anaacha mapumziko yake, anaburuzwa na ng'ombe, kwa ajili ya daftari ambalo hakuna aliyelitaka. Alinijengea darasa pale penye ubingwa wangu, akanipa cheo ndani yake, ili nisijue kwamba nasoma. Sijawahi kumwambia kwamba najua. Miaka yote hiyo tumesalimiana njiani, namwita mwalimu, ananiita mzee wa josho, kisha kila mtu anashika njia yake.

Sasa sikia nilivyomlipa.

Wewe ulikuwa chuoni mjini. Vishikwambi vikafika shuleni kwetu, kila mwalimu akapewa cha kwake. Vijana wakaanza kuvitumia, wengine kwa masomo, wengine kwa picha za mpira, Mungu anajua. Cha Mwalimu Yona kikakaa kabatini ndani ya boksi lake. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na unanijua nikiwa mjumbe. Nikasema nitalivalia njuga.

Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Darasa limejaa, watoto wamebanana madirishani. Mwalimu mkuu alipomaliza nikasimama, sikunyoosha hata mkono. Nikasema, "Mwalimu Yona! Kile kishikwambi umekifungia ndani kama bibi harusi, lini tutamwona? Kilete, tufundishe na sisi!"

Watu wakacheka. Nilipenda sana kicheko kile. Akasema kwa upole, "Mzee wangu, nitakileta siku nyingine." Nikasema, "Siku nyingine ipi? Au mchumba amekukataa?" Wakacheka zaidi.

Akaenda akakileta. Alikuwa ametoka kufundisha, shati lina vumbi la chaki mpaka kwenye kola. Akakiwasha. Akaweka kidole juu ya kioo akavuta. Hakikufunguka. Akavuta tena. Akabonyeza. Kikakaa vilevile, kimewaka, kinamtazama. Kule dirishani mtoto mmoja wa darasa la tano akapiga kelele, "Mwalimu, vuta juu!" Darasa zima likaangua kicheko, wazazi kwa watoto, na mimi sauti yangu ikiwa juu kuliko zote. Mwalimu akavuta juu. Hakikumsikia.

Akakizima. Akakirudisha kwenye boksi, taratibu, akafunga karatasi zake moja moja. Akasema, "Samahani, wazazi." Akakaa.

Muhula uliofuata hakuwepo. Watoto wetu wakakaa bila mwalimu wa Hisabati miezi mingapi sijui, na mimi katika kamati nikapiga meza kuuliza kwa nini hatuna mwalimu. Mama yako aliniambia usiku ule maneno mawili tu, "Umefurahi sasa?" Nikamwambia mtu mzima anakimbiaje kwa ajili ya mzaha. Nililishikilia hilo mpaka juzi.

Juzi ni hivi. Ile simu ya kupangusa uliyoniletea Krismasi niliificha. Ipo kwenye sanduku chini ya koti langu la harusi. Nilikwambia siipendi kwa sababu inamaliza chaji. Uongo mwingine huo, uhesabu mwenyewe. Siku ile uliponipa, nilikuwa ndiyo kwanza naitazama, ukasema, "Baba lete, ni rahisi tu." Ukaichukua mkononi mwangu, ukapiga vidole tap tap tap kama mtu anayepukuchua mahindi, ukanirudishia. "Umeona?" Nikasema nimeona. Sikuona kitu, Yunisi. Niliona vidole vyako.

Basi baada ya kusikia umepata kazi nikaitoa. Nikasema huyu mtoto anakwenda kufundisha watu wazima mashine hizi, na mimi baba yake siwezi kufungua moja, haiwezekani, sikuzaliwa kushindwa na kioo. Nikaja nayo hapa nyuma ya ghala. Siku ya kwanza nikavuta, haikufunguka. Siku ya pili nikavuta, haikufunguka. Nikaitukana. Nilikuwa nimetoka kupepeta alizeti, mikono yangu unaijua, migumu kama gome na imejaa vumbi. Mama yako akatokea, sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Hakuichukua simu. Akasema tu, "Nawa mikono, wewe." Akaenda zake na ndoo yake.

Nikanawa. Nikafuta kidole kwenye shati kikabaki na unyevu kidogo. Nikavuta. Ikafunguka.

Nilisimama pale, mwanangu, simu imefunguka na siioni. Nilikuwa naona shati la Mwalimu Yona lenye vumbi mpaka kwenye kola. Siku ile si akili yake iliyoshindwa. Hakuwa mjinga wala mwoga. Ilikuwa chaki. Miaka zaidi ya thelathini ya chaki kwenye ngozi ya kidole kile, nyingine aliipaka kwa ajili ya watu kama mimi, na kioo hakikumsikia. Hakuna mmoja wetu aliyemwambia, "Mwalimu, nawa mikono." Tulicheka. Na yeye akaondoka akiamini kwamba dunia imemwacha.

Kwa hiyo nakuomba, na ujue mimi si mtu wa kuomba.

Jana ulisema utaanza na semina, utawaita wote, uwashe kishikwambi mbele yao waone ilivyo rahisi. Neno hilo liache hapa nyumbani. Kijana ukimwambia ni rahisi anajaribu. Mtu mzima ukimwambia ni rahisi anajiuliza, je nikishindwa na hicho chepesi, watanionaje? Hatajaribu. Ataomba ruhusa kwamba anaumwa. Na wale wa semina, wenye mvi, usiwawekee kioo mbele ya wanafunzi wao kabla hawajakaa nacho peke yao. Mwalimu anaishi kwa kujua mbele ya watoto. Ukimvua hilo hadharani umemvua nguo.

Na mikono yako. Wewe una mikono ya haraka, umeirithi kwangu, mimi nilikuwa nawanyang'anya watu plau shambani nikiona mstari umepinda. Wakanisifu kwa kulima, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kwangu. Mpaka leo nikiugua msimu wa kilimo, shamba la jirani linanisubiri mimi. Nilidhani hiyo ni sifa. Kwa hiyo ukisimama karibu na mwalimu, mikono yako iweke mgongoni. Kweli kabisa, ifunge mgongoni. Sema kwa mdomo. Akikosea, ngoja. Ukiona huwezi kungoja, nenda ukanywe maji.

Kwa Mwalimu Yona usianze na kishikwambi kabisa. Nenda kwake kabla ya kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Shikamoo yako itangulie kabla hujashusha begi begani. Mwambie wewe ni mtoto wa Shila wa josho. Halafu mpe barua hii.

Ndiyo, barua hii hii. Asome yote, hata pale ulipotaja alama aliyowekewa, kwangu mimi alishasikia mabaya zaidi. Asome kwamba bwana mifugo aliniambia, na kwamba nimejua miaka yote hii. Asome kuhusu chaki. Mwambie nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu anisaidie, na najua ina makosa, maana tangu tuache daftari letu hakuna aliyenisahihisha. Naomba anisahihishie kwa kalamu nyekundu, asinionee huruma, kama anavyosahihisha darasa la saba.

Akimaliza utamwambia baba hana subira ya posta. Anataka kuiona Jumamosi, saa zile za josho. Simu anayo, lakini yuko nyumbani Iramba na barua iko huko Nduguti, Mkalama, na njia ni moja tu, barua ipigwe picha kwa kishikwambi na itumwe. Wewe usipige. Useme baba amekataa, anataka itoke kwa mwalimu mwenyewe. Unaweza kusema mimi ni mbishi, hilo atakuamini. Umpe maji ya kunawa, ukae mbali kidogo, mikono mgongoni.

Atajua. Akili yake si ya kuvushwa mto bila kujua. Atajua kwamba ni daftari lake la josho limemrudia, kwamba hakuna anayehitaji picha hiyo sana kiasi hicho. Ajue tu. Mimi nilijua, na bado niliandika NDAMA.

Akikataa, usimbembeleze, na usiandike kokote kwamba amekataa. Nipigie kwenye kitochi, ile simu yangu ya vitufe. Nitapanda basi mwenyewe nije nisimame mbele ya wanafunzi wake wote, niwaambie aliyenifundisha kusoma ni nani na nilimfanyia nini. Nilimcheka hadharani, nitamwomba radhi hadharani. Mama yako ameshaninyooshea lile koti.

Jua limeshuka, ng'ombe wanarudi, nawasikia. Mama yako ananiita mara ya tatu, na anajua kabisa nilipo. Kesho stendi sitasema mengi, nitashika begi lako tu, na nikikwambia "haya, nenda," ujue ni haya yote.

Mimi ni Shila, baba yako, wa josho. Jumamosi nitakuwa hapa nyuma ya ghala, simu mkononi, na nitakuwa nimenawa.